Nani Alichukua Shamba la Nabothi? Tamthilia za Uhalifu na Historia ya Ardhi Mbulu na Hanang

Katika nyumba nyingi za washarika wetu, kuanzia Katesh hadi Haydom, kuanzia Dongobesh hadi Basotu, jioni imekuwa saa ya tamthilia. Wengine hutazama kwa king'amuzi, wengine kwa simu, na vijana hukusanyika kwenye vibanda vya video kutazama filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Katika hizo zote, zinazohusu uhalifu na upelelezi hupendwa sana. Mtu ameuawa au ameibiwa, mpelelezi anafika, anauliza maswali, anafuata nyayo, anakamata mtu asiye na hatia, anamwachia, na mwisho mkosaji mwenyewe anatiwa pingu. Ni rahisi kwa mchungaji kuzikemea tamthilia hizi kwa sababu ya damu na matusi. Lakini zinastahili kuchunguzwa kabla ya kukemewa, kwa kuwa kila jioni zinawafundisha watu wetu uhalifu ni nini, mhalifu ni nani, na haki hupatikana kwa njia gani. Hayo ni mambo ya katekisimu.

Tamthilia ya aina hii inayojulikana sana duniani ni Law & Order, iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1990. Kila kisa chake kina nusu mbili: katika nusu ya kwanza polisi wanamtafuta mkosaji, katika nusu ya pili waendesha mashtaka wanapambana mahakamani ili ahukumiwe. Mwaka 2021 majirani zetu wa Kenya walitoa Crime and Justice, yenye wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena na Silas, na visa vinavyogusa maisha ya mji wa Afrika Mashariki wa leo. Mwaka uliofuata ikatoka tamthilia nyingine ya Kenya, Country Queen, inayomhusu binti aliyerudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya wazazi wake na majirani zake.

Tamthilia hizi zina mema yake, nasi tuyakubali. Zinafundisha kwamba damu ya mtu asiye na jina kubwa ina thamani, na lazima aulizwe aliyeimwaga. Zinafundisha kwamba tajiri na mwanasiasa nao wanaweza kusimama kizimbani. Zinafundisha kwamba shutuma haitoshi, bali ushahidi unahitajika. Katika nchi ambayo bibi kizee anaweza kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, somo hilo la ushahidi si dogo.

Lakini zipo hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba tamthilia hupenda mkosaji awe mtu mmoja mwenye sura na jina. Akishakamatwa, kisa kimekwisha, na sisi tunalala tukiwa na amani. Ya pili ni kwamba kwa kawaida sheria yenyewe haishtakiwi. Uhalifu ni kuvunja sheria, basi anayeifuata sheria hawezi kuwa mhalifu. Je, ni kweli? Historia ya wilaya zetu mbili, Hanang na Mbulu, inatuambia tusikubali upesi. Hapa kwetu imewahi kutokea kwamba watu walipoteza mali ya baba zao, na wapelelezi wote wa televisheni wasingepata wa kumtia pingu, kwa maana karatasi zote zilikuwa na mihuri.

Kisa ambacho karatasi zake zilikuwa safi

Biblia ina kisa cha namna hiyo, katika 1 Wafalme 21. Nabothi wa Yezreeli ana shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme analitaka liwe bustani ya mboga. Anatoa bei nzuri, au shamba jingine zuri zaidi. Nabothi anakataa, kwa kuwa shamba lile ni urithi wa baba zake, na katika Israeli urithi wa ukoo si bidhaa ya sokoni. Mfalme anarudi nyumbani amenuna, anakataa kula.

Tuangalie sasa kazi ya Yezebeli. Hatumi majambazi usiku. Anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wa mfalme. Anazipeleka kwa wazee na wakubwa wa mji. Inatangazwa siku ya kufunga, kwa hiyo hata ibada inatumika. Wanaletwa mashahidi wawili, kwa sababu sheria inataka mashahidi wawili. Shtaka linasomwa, hukumu inatolewa hadharani, na adhabu inatekelezwa nje ya mji kama ilivyopasa. Karani wa mji akiulizwa atasema kwamba taratibu zote zilifuatwa. Kisha Ahabu anashuka kwenda kulimiliki shamba.

Mpelelezi katika kisa hiki ni Eliya. Hakuanza na mashahidi wa uongo, ambao tamthilia ya leo ingewakamata kwanza. Alikwenda moja kwa moja shambani na kumkuta mfalme amesimama juu ya ardhi ile. Swali la Eliya halikuwa tu nani alirusha jiwe. Alimwuliza mfalme habari ya kuua na habari ya kumiliki, mambo mawili kwa pamoja. Aliyefaidika na uovu hakuruhusiwa kusema kwamba mikono yake haina damu.

Kwa macho ya Eliya natamani tuitazame nchi yetu.

Nyanda za Basotu

Chini ya mlima Hanang, upande wa magharibi, ziko nyanda za Basotu. Kwa vizazi vingi Wabarabaig, ambao ni sehemu ya kabila la Wadatoga, walichunga ng'ombe wao huko. Mtu wa kupita aliona majani matupu na kusema ardhi haina mwenyewe. Mwenyeji aliijua kwa majina. Wabarabaig waligawanya malisho yao kwa aina ya udongo, majani na maji, na kundi lilihama kutoka aina moja kwenda nyingine kwa kufuata mvua na kiangazi, ili kila sehemu ipumzike kwa zamu. Malisho yenye rutuba kuliko yote waliyaita muhajega, na sehemu kubwa ya muhajega ilikuwa Basotu.

Tena ardhi ile ilikuwa na makaburi. Mzee wa heshima akifa, Wabarabaig humfanyia mazishi ya miezi mingi, na juu ya kaburi lake hujengwa kichuguu kirefu cha udongo na miti kinachoitwa bung'eda. Ukoo hurudi pale kuomba na kukumbuka. Sisi Wakristo hatusali makaburini, lakini neno la Nabothi juu ya urithi wa baba zake tunalielewa vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ilianza kilimo kikubwa cha ngano Basotu. Nia yake ilikuwa njema. Miji ilikuwa inakua, watu walikuwa wanakula mkate zaidi, na fedha za kigeni za kununulia ngano nje zilikuwa chache. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilipewa kazi hiyo, na Canada ikasaidia kwa matrekta, mashine za kuvuna, mbegu na wataalamu. Kilimo kilifuata mfano wa mbuga za Canada: mashamba makubwa, mashine nyingi, watu wachache. Mwishowe yalikuwapo mashamba saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Ukijumlisha na maeneo mengine yaliyotwaliwa, Wabarabaig walipoteza ekari zipatazo 100,000.

Ngano ilivunwa kweli, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania ilitoka Hanang. Watu wa Dar es Salaam walikula mkate. Lakini ekari 100,000 zile zilikuwa moyo wa malisho. Ukiondoa malisho ya masika, ng'ombe wanarundikana kwenye malisho ya kiangazi, na hayo nayo yanakwisha. Njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zikafungwa na ngano. Bung'eda kadhaa zililimwa na matrekta. Wabarabaig walilalamika kwamba watu walipigwa, walitozwa faini kwa kupitisha mifugo, na nyumba zao zilichomwa moto. Malalamiko hayo yalifika mbali: wazee wao waliandika barua ya wazi kwa watu wa Canada, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali yenyewe iliunda tume ya kuchunguza habari za ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo.

Nani basi alikuwa mhalifu? Dereva wa trekta aliyetumwa? Mtaalamu wa Canada aliyedhani anawalisha wenye njaa? Afisa aliyesaini? Katika tamthilia tungemtafuta mmoja wao na kumfunga. Katika historia tunakuta watu wengi, kila mmoja na kipande chake kidogo cha kazi, na wengi wao wakiwa na dhamiri tulivu.

Kijiji kinakwenda mahakamani

Watu wetu hawakunyamaza. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu Arusha. Tusisahau hali ya wakati ule. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, shirika lilikuwa la umma, na mradi ulikuwa wa taifa. Kwa watu wa kijijini kwenda Arusha na kusema shirika la Serikali limeingia kwenye ardhi yao ilihitaji ujasiri. Televisheni hazikuwepo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Kisa hiki hakuna aliyekitazama jioni.

Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu ile. Sababu zake zinafaa kusomwa na kila Mkristo anayedhani kwamba sheria na haki ni kitu kimoja. Kuhusu kijiji, Mahakama ilisema kwamba kuandikishwa kuwa kijiji hakukukipa ardhi. Ilipasa kigawiwe ardhi na mamlaka ya wilaya kwa utaratibu uliowekwa, na hilo halikuthibitishwa. Kuhusu wanakijiji, Mahakama ilisema haikuthibitishwa kwamba walalamikaji wote walikuwa "wenyeji" kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya mkoloni ya mwaka 1923, ambayo marekebisho yake ya mwaka 1928 ndiyo yaliyokuwa yanalinda umiliki wa kimila.

Tutulie hapo kidogo. Miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru, watu wa Hanang waliambiwa kwamba hawajathibitisha kuwa ni wenyeji wa nchi yao, kwa kipimo cha sheria iliyotungwa na Mwingereza. Majaji hawakuhongwa, wala shahidi wa uongo hakuletwa. Majaji walisoma sheria kama ilivyoandikwa, na sheria kama ilivyoandikwa haikuwa na nafasi ya kutosha kwa mtu anayemiliki ardhi kwa kuishi juu yake. Hapa tumetofautiana na kisa cha Yezebeli, tena tumefika mahali pagumu zaidi. Kwa Yezebeli kulikuwa na hila. Hapa utaratibu wenyewe, ukiwa mikononi mwa watu waaminifu, ulitosha kumwacha Nabothi bila shamba.

Baba na mwana wa Kambi ya Simba

Kisa cha pili kinatoka upande wa Mbulu. Wakati ule Karatu ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, na huko Kambi ya Simba, katika kata ya Mbulumbulu, waliishi baba na mwanawe ambao kesi yao inajulikana na kila mwanasheria wa Tanzania kama kesi ya Akonaay. Walikuwa na ardhi kwa mila. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyohamisha watu na kugawa upya ardhi mahali pengi, mara nyingi bila hati wala fidia. Baadaye watu hawa walidai kurudishiwa kipande cha ardhi yao, na mwaka 1987 walishinda katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha. Waliotolewa wakakata rufaa Mahakama Kuu.

Kesi za namna hii zilikuwa nyingi katika mkoa wa Arusha wa wakati ule, na Serikali iliogopa kwamba vijiji vyote vingevurugika. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu waliopewa ardhi wakati wa Operesheni nao walikuwa wakulima maskini waliotii amri. Lakini dawa iliyotafutwa ilikuwa kali. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha Sheria Namba 22, iliyofuta haki za kimila za watu waliokuwa na ardhi kabla ya Operesheni, bila kuwalipa fidia kwa kufutwa huko, ikazima kesi zilizokuwa mahakamani, na kuzuia mahakama za kawaida zisisikilize madai kama hayo. Rufaa ilikuwa bado inasubiri, na sasa ushindi wa baba na mwana ulifutwa kwa kalamu.

Hapo walifanya jambo ambalo watu wengi hawakujua kwamba linawezekana. Hawakushtaki jirani tena. Waliishtaki sheria yenyewe, wakisema inavunja Katiba ya nchi. Mahakama Kuu Arusha ilikubaliana nao. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitoa hukumu. Ilisema kwamba haki ya mtu juu ya ardhi anayoishikilia kwa mila ni mali, na inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine. Kumnyang'anya bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Fidia hiyo haihusu majengo na miti peke yake. Mtu akishatia jasho lake katika ardhi, jasho hilo lina haki ya kulindwa. Nacho kifungu kilichofunga milango ya mahakama kilitenguliwa.

Kwa nini Mbulu ilishinda mahali Hanang iliposhindwa? Zipo sababu za kisheria katika kila kesi, lakini moja ni kubwa. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na ikaanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Watu wa Mulbadaw walihukumiwa mwaka 1985, katikati ya miaka hiyo. Walibisha mlango ambao ulikuwa umejengwa lakini haujafunguliwa. Waliofuata waliukuta wazi. Na baada ya hapo zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, ambazo zinatambua umiliki wa kimila kuwa sawa na umiliki mwingine.

Tusidhani kwamba ushindi wa mmoja uliponya jeraha la mwingine. Canada iliondoka, NAFCO ikafa, na mashamba ya ngano yakagawanyika: baadhi yakarudi kwa wananchi, mengine yakaenda kwa wawekezaji. Lakini malisho yaliyolimwa hayarudi kuwa malisho kwa tangazo, na familia zilizotawanyika hadi Morogoro, Mbeya na Lindi na ng'ombe wao hazikurudi zote. Tena neno la jasho linatuachia swali. Jembe huacha alama inayoonekana. Mchungaji aliyeyaacha majani yapumzike miezi sita ametia jasho gani ambalo hakimu ataliona?

Mtuhumiwa wetu wa kila siku

Nimesema tamthilia hupenda mkosaji mwenye sura. Hapa kwetu sura hiyo tumeshaichagua. Ng'ombe wakiibwa, mtu akichomwa mkuki njiani, kabla polisi hawajafika wengi wetu tumeshataja kabila. Jina "Mang'ati" tunalolitumia kwa wepisi limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni adui. Fikiri ndugu msomaji: tunamwita jirani yetu adui, halafu tunashangaa kwamba hatumwoni kanisani.

Sifichi kwamba mauaji na wizi wa mifugo vilikuwepo na vimewaliza watu wa makabila yote. Amri ya tano inamhusu Mbarabaig kama inavyomhusu Mwiraqw na Mnyaturu. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja, na iliitumia kwa Wabarabaig: mmoja akiua, ng'ombe wa wengi wanachukuliwa. Ukoloni umekwisha, ila fikra ya sheria ile imebaki midomoni mwetu. Jambo ambalo hakuna tamthilia inayokubali, yaani kumhukumu mtu kwa kosa la ndugu yake, sisi tunalifanya sokoni na tunaita ni uzoefu.

Tena lipo jambo gumu zaidi. Sisi Wairaqw tulitoka Mama Issara tukiwa wengi na ardhi ikiwa ndogo, na katika miaka ya karne iliyopita tukasambaa hadi kwenye nchi walikochunga Wadatoga. Wengi tulipokewa kwa amani, tukaoana, tukapeana ng'ombe. Mahali pengine tulilima tu, na mwaka uliofuata tukalima mbele zaidi. Hakuna tamthilia itakayotengenezwa juu ya mfereji wa jembe unaosogea hatua mbili kila mwaka. Lakini Torati iliuona mfereji huo, na katika Kumbukumbu la Torati 19 imekataza kusogeza mpaka wa jirani uliowekwa na watu wa kale.

Amri ya tisa

Kila aliyepata kipaimara katika Kanisa letu anajua kwamba Martin Luther alitenganisha amri ya saba na amri ya tisa. Ya saba inakataza wizi. Mtoto wa kipaimara huuliza: kama wizi umeshakatazwa, ya tisa ya nini? Luther alijibu katika Katekisimu Ndogo. Kwa maelezo yake, amri ya tisa inahusu kuupata urithi au nyumba ya jirani kwa werevu, na hata kwa kuonekana kama una haki. Katika Katekisimu Kubwa anaeleza kwamba amri hii imewekwa hasa kwa watu wanaojiona wema, ambao hawawezi kuitwa wezi, kwa sababu wana hati, wana wanasheria, wana hukumu mkononi. Mtu wa karne ya 16 kule Wittenberg alikuwa ameona tayari.

Hii ndiyo sehemu ambayo tamthilia za uhalifu haziifikii. Zinatulinda dhidi ya mvunjaji wa amri ya tano na ya saba. Kwa ajili ya amri ya tisa inahitajika dhamiri, na dhamiri hiyo inapaswa kulelewa kanisani.

Kanisa limepewa nafasi njema katika nchi hii. Hospitali ya Haydom ilipofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri wa Norway, iliwekwa mahali ambapo Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na watu wa Singida wote wanaweza kufika. Kitandani, mwenye jeraha la mkuki haulizwi kabila lake kwanza. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa hukumu ya Akonaay, maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bagamoyo, wakasema wazi juu ya mwenendo wa taifa. Basi hatuwezi kusema kwamba mambo haya si ya Kanisa. Tunafundishwa kwamba Mungu anatawala kwa Neno na pia kwa serikali. Lakini serikali ikiwa ni mkono wa Mungu, Mkristo hana ruhusa ya kunyamaza mkono huo unapomwumiza mdogo.

Na tuanze nyumbani. Wazee wa kanisa wengi ni wajumbe wa halmashauri za vijiji. Sheria ya mwaka 1999 inasema halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Je, mihutasari tunayosaini ni ya mikutano iliyofanyika? Sheria hiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Je, wanawake hao wanaitwa shauri la mjane linaposikilizwa, au majina yao yapo kwenye karatasi tu? Mfugaji anapokuwa amehama na ng'ombe wake wakati wa kiangazi, je, tunaitisha mkutano wa kugawa malisho wakati huo huo kwa sababu hayupo? Na viwanja vya sharika zetu, mashamba ya Kanisa, vilipatikana kwa nani? Usharika utakaouliza swali hilo kwa utulivu, na kumtafuta mzee anayejua jibu, utakuwa umefanya ibada.

Ahabu alipoonywa na Eliya alirarua mavazi yake, akafunga, akatembea kwa unyenyekevu, na Mungu aliiona toba yake. Lakini Biblia haisemi kwamba alilirudisha shamba. Katika 2 Wafalme 9, miaka mingi baadaye, ardhi ile ya Nabothi bado ipo katika habari, na deni lake linadaiwa kwa mwana wa Ahabu. Toba ya machozi ilikubaliwa. Shamba likabaki mahali pabaya, na watoto wakalirithi pamoja na deni. Zakayo alifanya vizuri zaidi katika Luka 19. Alisimama mbele ya watu na kutaja kiasi atakachorudisha.